Namba ya Siri ya Shangazi

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa benki inayopitisha mishahara yetu, Msimamizi wetu wa karakana, maofisa mlioongozana na mgeni, wafanyakazi wenzetu.

Karibu sana. Na pole kwa zile ngazi za nje, tumesikia umejikwaa. Kila mgeni hujikwaa pale.

Sisi ni wafanyakazi kumi na tisa wasioona wa karakana hii ya brashi. Anayesoma kwa niaba yetu ni mtoboa mbao, na anasoma kwa vidole, kwa hiyo usidhani ameikariri risala kwa kuwa uso wake umekuelekea wewe muda wote. Hii ni risala ya tatu tunayoiandikia benki. Ya kwanza tulimsomea meneja wa tawi, akahamishwa. Ya pili tulimsomea aliyekuja baada yake, akasema suala letu amelichukua. Hatujui alilipeleka wapi. Ukisikia tunasema kama watu waliochoka, tafadhali usione tumekukosea heshima. Tumechoka kweli, lakini si kwa ajili yako.

HISTORIA FUPI

Mgeni rasmi, hapa tunatengeneza brashi za kusugulia sakafu, za viatu, na zile nyembamba za kuoshea chupa. Mtoboa mbao anatoboa matundu, wavuta nyuzi wanavuta nyuzi, kisha brashi zote zinaenda kwa Shangazi kupakwa gundi na kukaguliwa. Shangazi hana mpwa hata mmoja humu ndani. Tunamwita hivyo kwa sababu anatugombeza kama watoto wa kaka yake. Tundu moja likikosa nyuzi, atalikuta, na utamsikia. Ni mjane, na ana binti mmoja aliyekuwa anasoma chuo cha uuguzi.

Zamani tulilipwa mkononi. Likaja agizo kwamba mishahara yote ipite benki, tukapewa kadi. Tulifurahi, hatutaficha. Siku ya kuzichukua, karani alitusomea namba zetu za siri kwa sauti pale kaunta, foleni nzima ikiwa nyuma yetu. Mvuta nyuzi mmoja, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akamwambia, "Dada, hebu irudie, wale wa mwisho hawajasikia vizuri." Foleni ikacheka. Na sisi tulicheka.

Tangu siku hiyo kila mmoja wetu akawa na mtu wa kumbonyezea namba. Mwingine mkewe, mwingine shemeji yake, mwingine muuza duka wa jirani. Wa Shangazi alikuwa mlinzi wa benki, mtu mwaminifu ambaye hakuwahi kugusa hata senti yake. Lakini uaminifu wake ndio uliokuwa ulinzi pekee wa pesa za Shangazi.

MAFANIKIO

Tuna fanikio moja kubwa, na tunapenda ulisikie lote.

Kwenye tawi lenu palikuwa na mhudumu wa kike, dirisha la tatu. Siku moja alitoka kwenye kiti chake akamfuata Shangazi kwenye mashine ya kutolea pesa.

"Mama, kwa nini mlinzi ndiye anakubonyezea?"

"Kwa sababu yeye ana macho, mwanangu."

"Na wewe vidole unavyo."

Jumamosi iliyofuata, baada ya saa za kazi, alikuja hapa na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na vitufe vya mashine iliyokufa, vimeng'olewa pamoja na kibao chake. Aliviweka juu ya meza ya gundi. "Hapa katikati, kwenye tano, pana kinundu kidogo," alisema. "Mkikipata hicho mmezipata zote. Juu yake mbili, chini yake nane, kushoto nne, kulia sita." Tulipokezana kile kibao mpaka giza likaingia, nasi giza halikutuhusu. Alikuja Jumamosi saba. Nauli alijilipia.

Shangazi ndiye aliyetangulia kubadilisha namba yake. Alisimama peke yake mbele ya mashine, mlinzi akiwa mlangoni, kampa mgongo kama alivyoombwa. Kesho yake alipaka gundi huku akiimba, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Redio akamuuliza, "Umeweka ngapi, Shangazi?"

"Kaulize benki."

"Benki watanijibu?"

"Hawaijui na wao. Naijua mimi."

Mgeni rasmi, wengi wetu hapa tumevalishwa, tumeshikwa mkono, tumesomewa, tumeandikiwa. Kitu ambacho mtu mmoja tu anakijua, na mtu huyo ni wewe, hatukuwa nacho kabla.

CHANGAMOTO

Hali hiyo ilidumu miezi minane.

Kisha benki ikaleta mashine mpya na kadi mpya. Mashine zile uso wake wote ni kioo. Hakuna kitufe wala kinundu. Kila ukigusa umebonyeza kitu, na hujui ni kitu gani. Kadi za mwanzo zilikuwa na namba zilizoinuka, tukipapasa tunajua hii ni ya benki na huu ndio upande wa kuingiza. Hizi mpya zinateleza pande zote kama sabuni iliyolowa. Tuliambiwa mashine inasema, mtu achomeke visikilizi tu. Redio alichomeka. Alirudi akatuambia, "Inasema karibu. Basi. Nimekaribishwa mara nne, ndani sikuingia."

Mhudumu wa dirisha la tatu aliandika barua kwa wakubwa wake kutusemea. Alijibiwa kwa kuulizwa nani alimruhusu kutoa mali ya benki nje ya jengo. Kile kibao kilikuja kuchukuliwa hapa na dereva wa benki. Yeye alihamishiwa tawi la mbali, na hatukupata nafasi ya kumuaga.

Shangazi alimrudia mlinzi wake. Mwisho wa mwezi mmoja alifika akakuta mlinzi huyo yuko likizo. Kwenye foleni palikuwa na mwanamume mwenye sauti ya upole. "Mama, nikusaidie? Hata mama yangu mzazi haoni." Shangazi alisita. Nyuma yake watu walikuwa wanaguna kwamba anachelewesha. Akamtajia namba. Yule mtu akambonyezea, akamhesabia pesa kiganjani bila kupunguza, akamrudishia kadi. Shangazi alimwombea dua pale pale.

Siku kumi na moja alitembea na kadi hiyo kifuani. Alikwenda tena benki kulipa ada ya binti yake, mashine ikaikataa, akaenda kaunta. Karani aliigeuza akasema, "Mama, hii si yako. Ina jina la mwanamume, na muda wake ulishakwisha." Akaunti ilikuwa tupu. Akiba ya ada ya mwaka mzima ilikuwa humo.

Majibu ya benki yalikuja baada ya wiki tatu: namba ya siri aliitoa mwenyewe, hivyo hasara ni yake. Ni kweli aliitoa. Tumekaa tukajiuliza mara nyingi angefanya nini kingine mbele ya kile kioo, na tumekosa jibu. Kama wewe unalo, tutashukuru. Binti yake ameacha chuo. Anaosha vyombo kwenye mgahawa na kumwambia mama yake kwamba kazi si mbaya.

Sisi wenzake tulijaribu kujisaidia. Mtoboa mbao alichukua tupa tunayolainishia kingo za mbao akachonga pengo dogo ubavuni mwa kadi sita, ili angalau kila mtu aitambue yake na asibadilishiwe. Mashine ilimeza mbili. Tukaandikiwa barua ya onyo kwamba tunaharibu mali ya benki. Msimamizi alitusomea barua hiyo polepole, na tulimwonea huruma kuliko tulivyojionea wenyewe.

Tangu hapo Shangazi hatugombezi tena. Mwezi uliopita brashi mbili zilitoka mezani kwake na matundu matupu. Tulizikamata mlangoni, tukazijaza, hatukumwambia.

MAOMBI

Mgeni rasmi, Msimamizi alitushauri tupunguze ukali, na tumepunguza. Aya mbili tumezitoa kabisa.

Tumeambiwa leo umetuletea fimbo nyeupe ishirini. Ahsante. Fimbo itatufikisha benki. Tunaomba tukifika tukute mashine hata moja, kwa tawi zima moja tu inatosha, yenye vitufe vya kweli, na inayoendelea kusema baada ya karibu. Kadi zetu mzichonge pengo ninyi wenyewe, kiwandani, kwa mashine zenu. Tupa yetu tutaiweka chini. Yule mhudumu, kama jina lake liko kwenye faili lenye jambo baya, tunaomba liondolewe. Kosa lake lilikuwa sisi. Na shauri la Shangazi lifunguliwe upya, lisikilizwe na mtu aliyewahi kukigusa kile kioo akiwa amefumba macho.

Neno letu la mwisho ni hili. Shangazi ametumiwa kadi nyingine. Namba yake ya siri imekuja kwenye bahasha, imechapwa kwa wino kwenye karatasi. Wiki ya tano hii hajaifungua. Tulimuuliza, "Tukutafutie mtu wa kukusomea?"

Akasema, "Nani?"

Tulikuwa watu kumi na wanane pale, na hakuna aliyetaja jina.

"Nikishasomewa," akasema, "si yangu tena."

Amekaa safu ya mbele, mkono wako wa kulia, na bahasha iko mfukoni mwa aproni yake. Tunakujua u mtu mwema na pengine utataka kuinuka umsomee sasa hivi. Tunakuomba usifanye hivyo. Rudi ofisini kwako umtafutie njia ya kuisoma mwenyewe, na sisi wenzake tusiijue kamwe.

Mungu akurudishe kwako salama, akupe nguvu ya kulikumbuka jambo hili hata baada ya gari lako kutoka getini. Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Wafanyakazi Wasioona wa Karakana ya Brashi.