Ngwe ya Chitete

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mlioitikia kwa sauti, asanteni. Mlionyamaza kwa sababu mnajua ninachokuja kusema, Bwana asifiwe kwenu pia, maana leo nitakisema. Mjomba wangu, ambaye ndiye jumbe wetu, ananibembeleza tangu asubuhi nikae chini. Shikamoo, mjomba. Sikai.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa Mpitimbi, na mdomo wangu mnaujua. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshaanza kubishana na mkunga. Basi Mungu ameutumia mdomo huo huo, na jina lake litukuzwe.

Habari za vita hakuna wa kumsimulia mwenzake. Maji tuliyonyunyiziwa hayakuzuia risasi. Baba zetu walinyongwa kule Songea, wakafukiwa shimo moja, na boma la Wajerumani likatukataza kuwalilia. Kisha maghala yetu yakachomwa, na nafaka iliyosalia ikabebwa kwenda kwa Wajerumani hao. Waliobeba ni vijana wetu wenyewe, kiboko kikiwa mgongoni. Chitete alikuwa mmoja wao. Alitwishwa mzigo wa ulezi, nafaka ya mama yake mzazi, akaupeleka bomani, akarudi mikono mitupu, akamkuta mama yake anachemsha mizizi ya porini.

Sisi vijana tuliobaki tukakubaliana kulima shamba moja, ili atakayezidiwa na njaa asiachwe peke yake. Kila mtu alipimiwa ngwe yake, kipande chake cha kulima toka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Ngwe ya Chitete ilikuwa katikati, karibu na yangu. Jembe lake lilikuwa jepesi, na utani wake ulikuwa mwingi. Ukibaki nyuma alikuimba mpaka ucheke, na ukishacheka unapata nguvu za kumfikia. Wengi mlidhani ana furaha kuliko sisi sote. Hata mimi nilidhani hivyo.

Mvua zilipoanza, Chitete alijiua.

Nimelitamka. Na paa la kanisa, mnaliona, liko pale pale.

Msiniulize sababu. Wako waliosema ni ule ulezi, wako waliosema karogwa, wako waliosema ni kiburi. Mimi niliyelima ubavuni pake sijui, na anayejifanya anajua anadanganya. Ninachojua ni kwamba alikuwa amechoka, na hakuna aliyekuwa ametufundisha namna ya kumwuliza mtu aliyechoka.

Alizikwa haraka, mpakani mwa kijiji, bila matanga. Wazee wakasema asililiwe, watu wasinyoe, jina lake lisitajwe. Na ngwe yake isiguswe, kwa kuwa kitakachoota pale kitamwita kijana mwingine. Mwalimu wa dini naye akasema hana sala kwa mtu kama yule. Tukatii, ndugu zangu. Tukalima huku na huku, tukifika katikati tunainua majembe tunaruka. Magugu yakapanda mpaka magotini. Tukaacha kuimba, tukaacha hata kugombana. Nilikuwa naamka kichwa kinagonga kwa machozi niliyoyameza, na uji naunywa bila kujua nimeshiba au bado.

Mdogo wetu kundini alikuwa Sikitu. Mchana mmoja tuko mtoni tunasuuza majembe, akaninyooshea la kwake.

"Dada, kaa nalo tu," akasema. "Mimi halinifai tena."

Katika nchi yenye njaa mtu atakupa nguo yake, jembe hakupi. Nikakumbuka kwamba Chitete alimpa mdogo wangu kisu chake kwa maneno ya namna hiyo hiyo, na sote tukasema, huyu kijana ana moyo mkunjufu. Nikamwuliza Sikitu waziwazi, maana mimi kuzungukazunguka sijui.

"Unataka kufa kama Chitete?"

Hakushtuka. Alishusha pumzi, mabega yake yakalegea.

"Ndiyo, dada. Nimechoka. Na najua nikifa hamtaruhusiwa hata kunitaja."

Hapo Bwana alinishukia. Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Nilishikwa na hasira, na hasira ile sitaiungama kwa padri yeyote. Boma lilitukataza kuwalilia baba zetu. Wakubwa wetu wakajifunza kunyamaza, wakaja kutufundisha na sisi. Sasa ule ukimya ulikuwa unamtaka na huyu mtoto. Nikasema, Ee Mungu, huyu hachukuliwi huku mimi nikiangalia, nisaidie.

Nikamrudishia jembe lake. "Silitaki. Leo tunalima ngwe ya Chitete, mimi na wewe."

Sikumwachia mkono mpaka shambani. Tulipoingia kwenye magugu wenzetu wakasimama kututazama. Nikapiga jembe la kwanza, na nikalia kwa sauti kubwa, kilio cha msiba kabisa, nikimwita kwa jina lake. Chitete wee, mwenzetu wee! Sikitu akapokea. Baada yake mwingine, na mwingine, mpaka ngwe nzima ikajaa majembe na vilio.

Mjomba akaja mbio na fimbo. "Mnataka kutumaliza?"

"Piga, mjomba," nikamwambia. "Ila tutalia, na tutalima."

Fimbo ingali juu, mama yake Chitete akapita ubavuni pake, jembe begani. Mama yule hakuwa ametoa chozi mbele ya mtu tangu amzike mwanawe. Akaingia katikati yetu akaanza kulima, machozi yanamdondoka. "Mwanangu alipenda nyimbo," akasema. "Imbeni basi." Mjomba akashusha fimbo. Akakaa pembeni ya shamba, akajifunika uso kwa nguo yake. Naye ana ndugu zake katika lile shimo la Songea.

Msidhani Sikitu alipona jioni ile. Tulilala naye kwa zamu, tukala naye, tukamwuliza tena na tena bila kuona haya. Ziko siku alirudi nyuma, tukaanza upya. Na mimi nilipona humo humo, katika kumshika yeye. Mungu alitutoa polepole, lakini alitutoa.

Leo ni siku ya malimbuko. Kapu hili la mahindi mabichi mbele ya altare limetoka kwenye ngwe ya Chitete, ambayo tunailima kila mwaka. Mliosema itazaa balaa, geukeni mumtazame Sikitu pale nyuma, mtoto mgongoni.

Kijana uliye humu, ambaye jembe limekuwa zito, mtumaini Mungu, na umwambie mtu leo, kabla hujatoka mlangoni. Njoo kwangu, au nenda kwa Sikitu. Hatutakukemea wala hatutashangaa. Nanyi wazazi wangu, mtoto akikupa jembe lake, usishukuru. Mwulize.

Namshukuru Mungu aliyetupa Chitete, na kwa shukrani hiyo siombi ruhusa ya mtu. Ibada ikiisha tunachoma mahindi haya hapo nje, na tutamtaja kila tukitafuna. Mjomba, la kwanza ni lako.