Barua ya Mtu Asiye na Makuu

Benchi la mbele ya duka la kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na upande wa tofali huachiwa mwenye shida kubwa siku hiyo. Leo amekaa Bisibisi, fundi wa mashine za hospitali, zile zinazowapa joto watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Kahawa imempoa mkononi. Mkewe yuko ughaibuni mwaka wa tatu, binti yao kazaliwa hukohuko, na baba mtu anamjua kwa simu tu. Sasa nchi ile inatoa viza kwa watu wenye vipaji, na Bisibisi kaomba, kwa barua ya bosi wake ya kumthibitisha. Alishakataliwa mara moja. Akikataliwa tena, hataruhusiwa kuomba kwa miaka mitano. Ndiyo maana jasho linamtoka na yuko kivulini.

— Hebu isome tena, alisema Kinyozi, ambaye kamwacha mteja ndani na povu kidevuni.

— "Nimefanya kazi na kijana huyu miaka tisa. Hana makuu."

— Mbona barua nzuri? Kwa barua hiyo mimi ningekuoza binti yangu.

— Niliitafsiri kwa simu. Kwa lugha yao imesomeka: hajawahi kufanya jambo kubwa lolote.

Mtu anaomba viza ya waliofanya makubwa, halafu bosi wake mwenyewe anathibitisha kwamba hakufanya kitu.

— Iondoe, alisema Wakili, ambaye sheria hakuisomea hata siku moja, jina kalipata kwa ubishi.

— Niliituma jana. Ikishaingia kwenye mfumo haitoki.

— Na bosi?

— Kastaafu. Tangu juzi hapatikani.

Wakili akasogea, akashusha sauti.

— Basi nikwambie. Barua hizo hazisomwi na mtu, ni kompyuta. Ikikuta "hana" mara tatu, inakufuta. Mna "hana" ngapi humo?

Bisibisi akahesabu kwa kidole. Hana makuu, hana majivuno, hana neno na mtu.

— Bora kufutwa, Kinyozi akadakia. Nimesikia wakishakutilia shaka wewe, wanamgeukia mkeo. Wanamrudisha, yeye na mtoto.

— Usimtishe mwenzio, alisema Wakili, kisha akatisha zaidi yeye. Tena wanatuma watu. Wanakaa kwenye mabenchi kama hili, wanasikiliza.

Hapo wote wakageuka. Mwisho wa benchi ameketi mwanamke wasiyemjua, faili mapajani. Alikuja saa ngapi, hakuna aliyeona. Kinyozi akakumbuka kwamba ana mteja, lakini hakubanduka.

— Shikamoo, alisema Wakili kwa woga, na mwanamke mwenyewe ni mdogo kwake kwa miaka ishirini.

— Mimi ni wa duka la uchapaji hapo ng'ambo, alisema yule mwanamke. Nakutafuta wewe, kaka. Fomu uliyotuachia ina ukurasa mtupu, ule wa kujieleza kwa maneno yako mwenyewe. Wataupima huo kuliko barua. Na mfumo unafungwa saa kumi.

Ilikuwa saa kumi kasoro robo.

— Nitakuandikia mimi, haraka, akasema, akafungua kalamu. Niambie tu: wewe umefanya nini?

Wakili akamtazama Kinyozi, Kinyozi akatazama chini. Miaka tisa wamekunywa naye kahawa, na hakuna aliyejua. Bisibisi alijua. Ile wiki umeme ulipokatika siku nne, aliifungua mashine akaiunda upya kwa betri ya gari na vipande vya friji bovu, na watoto saba wakarudi kwao wazima. Hospitali sita zimeiga mashine ile. Lakini kwao, tangu utotoni, aliyejisifu alichekwa wiki nzima. Akamwaza binti yake. Kalamu ilikuwa inamsubiri juu ya karatasi.

— Tunajitahidi, dada.