Maoni Yetu Kuhusu Nyama ya Wafanyakazi

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu wa kikundi hamjambo. Kama mmetoka kula, nivumilieni, maana habari yangu inatia kichefuchefu.

Nilikuwa mpishi wa wafanyakazi kwenye hoteli moja ya watalii kule Mikumi. Serikali ilipoibinafsisha, mwenye hoteli mpya akatuletea meneja, mtanashati, maneno laini. Akatugawia karatasi za maswali. "Andikeni mnavyojisikia kazini. Msiweke majina. Nataka tuwe familia."

Ndugu zangu, nawaambia, tulifurahi! Hakuna bosi aliyewahi kutuuliza kitu.

Nikaandika ukweli: nyama yetu inaletwa imeoza, ina funza, naambiwa nitie ndimu na pilipili.

Wiki haikuisha akatuita ukumbini, ameshika karatasi yangu. Mwandiko wangu aliujua kwenye oda za jikoni. Akaniwekea sahani ya ile nyama. "Wewe ndiye mpishi. Onja, wenzako waone kama imeoza."

Nikala, jamani. Nina watoto wanasoma, ningefanyaje? Nikatapika palepale sakafuni, na yeye anacheka. Kisha akanifukuza.

Nikarudi hapa Magomeni. Nikawa nikisikia harufu ya nyama tu, navuka barabara. Mtu akiniuliza, "Unaonaje?" najibu, "Sawa tu." Hata hapa kikundini mnakumbuka, jibu langu lilikuwa hilo hilo.

Hadi alipokuja dobi wa ile hoteli. "Dada, tumegoma kula. Kila mchana tunaipeleka ile nyama mezani kwake, tunaiacha hapo. Sasa mwenye hoteli anakuja. Twende ukaseme."

Nikamwambia siendi. Mwenyekiti wetu, si wewe uliyenivalisha kitenge chako? Ukasema, "Utakwenda, na mimi nitakaa karibu yako."

Tukaenda. Sikuandika tena. Nilifunua sufuria ya ile nyama mbele ya mwenye hoteli. "Bwana, hayo ndiyo maoni yetu."

Akaziba pua, akatoka mbio. Jioni ile ile meneja alifungasha virago. Mimi nikarudishwa jikoni, na mwenye bucha nikamchagua mwenyewe. Leo nimepata likizo, nimekuja kuwashukuru.

Mwenyekiti, asante. Wenzangu wa Mikumi, huko mliko, Mungu awabariki. Na ninyi mlioajiri watu, mashambani na dukani, waulizeni, lakini muwe tayari kurekebisha. Kumuuliza mtu ili umnase, huo ni uchafu.

Yule meneja bado namwonea kinyaa, sitawadanganya. Mniombee. Ila mkiniuliza jambo hapa, nitasema.