Bwana Kilatini na Droo ya Sungura

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mliofunga safari kuja kumsindikiza, familia imekubaliana maisha ya marehemu yasomwe kama yalivyokuwa, bila kupakwa rangi, kwa sababu yeye mwenyewe hakuvumilia jina lisilolingana na kitu lilichofungiwa.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Bwana Kilatini, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika wodi ya wazazi yenye vitanda sita, mdomo wake wa juu ukiwa umepasuka hadi karibu na pua. Baba yake, aliyekuwa fundi saa, alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kwao hajawahi kuzaliwa mtu wa namna hiyo, akauliza mtoto ni wa nani. Mama mtu alifunga virago siku ya tatu akahamia kwa dada yake, na huko ndiko marehemu alikolelewa, akishonwa mdomo mwaka 1957, miezi michache kabla ya kuanza darasa la kwanza.

Shuleni alikuwa mwepesi wa kusoma na mzito wa kusema, maana herufi zinazotaka midomo ikutane zilimponyoka, na kila aliposikia kicheko nyuma yake aliamini kinamhusu. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, aliiona kadi yake ya zamani ya hospitali ndani ya sanduku la mama yake, imeandikwa *labium leporinum*, akaipeleka kwa mwalimu wa sayansi, naye mwalimu akacheka kabla ya kufikiri: "Hiki ni Kilatini, kijana. Wameandika mdomo wa sungura." Marehemu aliirudisha kadi sandukuni, lakini tangu siku ile akaanza kuyasaka maneno yote ya Kilatini yenye sungura ndani yake, kama mtu anayetaka kujua ni nani mwingine aliyetukanwa pamoja naye. Akampata *lepus*, sungura mwenyewe, na *lepusculus*, sungura mdogo, na *leporarium*, uwanja wa kufugia sungura, na *Lepus timidus*, sungura mwoga, ambaye alimwonea huruma kuliko wote, kwa kuwa aliyempa jina hilo hakumuuliza alikuwa anakimbia nini.

Alimaliza sekondari mwaka 1969, na tarehe 4 Januari 1971 aliajiriwa katika makumbusho ya viumbe, stoo ya ngozi na mafuvu, kazi yake ikiwa kuandika lebo za Kilatini kwa wino mweusi na kuzifunga miguuni mwa wanyama waliokaushwa, kazi aliyoipenda kwa kuwa haikumtaka kuongea.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na mama yetu huyu mnayemwona amekaa mbele, fundi cherehani, mwanamke ambaye mwenyewe ameruhusu isomwe kwamba alikuwa na jicho la kushuku tangu usichana wake, wa kukagua mfuko wa koti kabla ya kulifua, na wa kuuliza swali moja mara mbili ili aone kama majibu yatafanana. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1978, na wa kike tarehe 19 Novemba 1980, ambaye alizaliwa na mdomo kama wa baba yake, na ndiye anayewasomea. Siku hiyo marehemu hakumuuliza mkewe chochote, alimpokea mtoto, kisha akamfuata daktari hadi mezani kwake, akamwomba afute yale maneno mawili ya Kilatini na aandike kwa lugha ya nyumbani kwamba mdomo umepasuka. Daktari akamuuliza kuna tofauti gani. "Kuna siku ataisoma," alisema marehemu, na akasimama pale pale mpaka kadi ilipoandikwa upya.

Mwaka 1986 aligundua jambo lililomkosesha raha. Katika droo ya kumi na nne walikuwamo sungura tisa wenye lebo ya *Lepus microtis*, jina lenye maana ya masikio madogo, na masikio yao yalikuwa marefu kupita ya wenzao wote. Alimweleza mhifadhi mkuu, ambaye orodha yake ya ngozi zile ilikuwa inakaribia kuchapwa, na mhifadhi akamwambia labda ngozi zimerefuka kwa kukaa. "Ngozi ikikauka hunywea, mzee, hairefuki," alisema marehemu. Kuanzia hapo waliviziana, mmoja akihesabu droo, mwingine akihesabu funguo, hadi Jumatatu tarehe 9 Machi 1987 marehemu alipopewa barua ya kusimamishwa kazi, akituhumiwa kubadilisha lebo ili aiharibu orodha ya mkubwa wake.

Nyumbani aliona aibu kueleza, akawa anatoka asubuhi na kurudi jioni kana kwamba kazi ipo, na mama akaanza kunusa jambo. Mwezi Julai alikuta mfukoni mwa koti karatasi iliyoandikwa *mi lepus, mi lepus*, kutoka juu hadi chini, kwa mwandiko ule mzuri wa lebo, na moyo ukamlipuka. Hakumuuliza mumewe. Alivaa, akaenda moja kwa moja hadi makumbusho, akamwambia mlinzi wa getini, "Niitie huyo Milepusi wenu. Mwambie mke wa mtu amekuja."

Mlinzi alimwambia kwamba mumewe hajakanyaga pale tangu Machi, na kwamba Lepus anayemjua yeye yuko droo ya kumi na nne, hana nywele za kusuka. Mama hakuamini, akataka kuonyeshwa, na mfagizi wa stoo akamvutia droo. Wale sungura tisa walikuwa wamelala chali, kila mmoja na lebo yake ya mwaka 1934, karatasi imepauka kwa uzee, na mama, aliyekuja kumtafuta mwanamke, akajikuta anainama kutazama nyuzi. "Hizi karatasi ni za zamani," alisema, "lakini huu uzi ni nailoni. Mwaka huo aliyezifunga nailoni aliitoa wapi?" Aliigeuza lebo moja baada ya nyingine, akaonyesha mafundo, yote ya mkono wa kushoto, ilhali mumewe alifunga kwa mkono wa kulia. Katika stoo ile mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu, mhifadhi mkuu.

Kamati iliyomsimamisha marehemu iliitishwa upya, na mhifadhi akakiri kwamba mwaka 1985 paa lilivuja wakati funguo zikiwa kwake, lebo zikadondoka, naye akazirudisha kwa kubahatisha, kisha akaogopa kusema. Marehemu alirejeshwa kazini tarehe 1 Februari 1988.

Jioni ile ile ya Julai mama aliiweka karatasi mezani. Marehemu alieleza kwamba *mi* ni wangu, na kwamba Warumi wa kale waliwaita hivyo wapenzi wao, sungura wangu, na kwamba ndoa ilikuwa inatimiza miaka kumi, naye alikuwa akifanya mazoezi, kwa kuwa maneno yale yanataka midomo ikutane mara mbili. "Kwa hiyo mimi ndiye mnyama," alisema mama, akiwa bado na mashaka. "Haya, lisome basi." Akalisoma. Halikutoka vizuri, na mama akamwambia arudie.

Alistaafu mwaka 2011. Mwaka 2018 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mara tatu, akimtaka kila daktari amtajie jina la kidonge na asili ya jina hilo kabla ya kumeza. Alhamisi tarehe 13 Juni 2019, saa nne asubuhi, akiwa wodini, alimwambia mama anajisikia nafuu, aende akanywe chai. Mama, ambaye kwa karibu miaka arobaini na miwili hakuwahi kupokea kauli ya mtu bila kuipima, siku hiyo aliamini, akaenda. Aliporudi, marehemu alikuwa ameshatutoka.

Familia inawashukuru madaktari wa wodi ya moyo, majirani waliofungua milango yao, wafanyakazi wenzake wa stoo, na muuguzi wa zamu ya asubuhi, aliyemvutia mama kiti, akafunga pazia, akamwacha akae na mumewe saa nzima bila kumharakisha.

Baba, pumzika kwa amani.