Kikombe cha Joram

Benchi la kahawa la Hassan liko mbele ya duka langu la vitabu vya shule, Kaloleni, Kisumu, kwa hiyo nasikia hata nisichotaka. Kila mtu ana kikombe chake. Ukisafiri, aliyekusindikiza hurudi kukifunika, na mahali pako hapakaliwi mpaka urudi. Joram, mstaafu wa reli, ametusindikiza sote stesheni. Leo, Machi 1997, kaja na fomu. Mshipa wa moyo wake umeziba, na huko Nairobi watauzibua na kuacha ndani yake kijibomba cha wavu wa chuma. Fomu irudi hospitali kabla ya saa kumi jioni, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

— Watakupasua kifua? aliuliza Injinia, fundi wa baiskeli.

— Hapana. Waya unaingilia pajani, unapanda mpaka moyoni.

— Paja na moyo ni mbali, Mzee. Hata spoki ikipitishwa kona nyingi inakunjika.

— Na wavu ni wavu, akasema Obiero, aliyevua omena ziwani, Usenge, miaka ishirini. Ukikaa majini unashika hata kile hukutaka. Nani atauosha?

— Acheni kumtisha, Hassan akasema akimimina. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo ni ya wageni, nikasema kutoka dirishani.

— Kwani hiyo chuma ni mwenyeji wa wapi, Madam?

— Mimi naogopa radi, akasema Obiero. Kisumu hii radi inatafuta hata mabati. Mtu ako na chuma kwa moyo atapita wapi?

— Nitamkatia tyubu ya baiskeli avae kifuani.

— Taarifa ya habari nayo ataisikia humo ndani, bila betri, akadakia Hassan.

Joram alicheka polepole, mkono kifuani.

— Usijali, omera, Injinia akamwambia. Chanda chema huvikwa pete. Na sisi ndio ndugu zako.

— Ndugu kabisa, akaitikia Obiero.

Nikawaeleza kwamba kile chuma hakishiki kutu, wala radi, wala redio. Nilieleza vizuri sana. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Beldina, mwanafunzi wa uuguzi aliyekuja kununua daftari, aliinama juu ya fomu.

— Baba, hapa kumebaki wazi. Lazima mtu aende na wewe, aweke sahihi, akae huko mpaka utoke. Niandike nani?

Awuor, mke wa Joram, alizikwa Bondo mwaka juzi. Watoto hawakujaliwa.

Injinia alikumbuka baiskeli ya mtu. Obiero akalitazama ziwa, kana kwamba linaonekana kutoka Kaloleni. Hassan akainamisha birika, yakatoka machicha. Mimi nikapanga upya madaftari yaliyokuwa yamepangwa.

— Ni jina moja tu, Beldina akasema.

Joram aliikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni. Akamaliza tone lililobaki, akapangusa kikombe kwa leso yake, akakifunika mwenyewe.