Anayetazama Sikio

Kila asubuhi, ndani ya mchomoko, gari dogo la abiria, husahihisha madaftari ya wanafunzi wangu mapajani na siongei na mtu. Jana kalamu ilisimama. Kijana mmoja, mnunuzi wa dhahabu kwenye machimbo ya Mwakitolyo, alimwambia bibi aliyekaa naye, "Shikamoo bibi. Mbona unanisemesha huku unatazama dirisha? Mimi niko huku."

"Marahaba. Natazama sikio lako," bibi alijibu. "Nikikutazama usoni, uso unapotea. Macho yangu yote mawili yamekufa katikati, pembeni ni mazima."

"Sasa unaonaje?"

"Miezi minne niliwamwagia wageni chai mapajani. Daktari akasema ubongo hujifunza hata uzeeni, nizoee kutazamia pembeni. Ubongo wangu umejifunza. Wewe una kovu kidevuni, na hukunyoa vizuri."

Kijana alijishika kidevu. Nilitaka kucheka, nikainamia daftari.

"Lakini bibi, kwetu mtu asiyekutazama usoni..."

"Malizia, mjukuu wangu."

"Watu wanaogopa."

"Wanaogopa nini?"

Kijana akatazama viatu vyake. Gari lilikuwa linapunguza mwendo, na bibi alikwisha kushika mkoba wake.

"Wanasema mimi mchawi," alisema kwa sauti iliyomfanya hata dereva ageuke. "Wanangu wanataka nihamie mjini, nijifiche. Nimekataa. Nashuka hapa, na leo nitawasalimia majirani mlango kwa mlango, nikiwatazama masikio."