Bi. Pyo Geum-nye, Mkulima wa Jinseng Aliyekataa Kuchimba Kabla ya Wakati

Simu ya hospitali ilitufikia asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, tukiwa shambani tunakaza vitambaa vyeusi vya kivuli. Bwana alikuwa amemwita mama.

Marehemu mama yetu, Bi. Pyo Geum-nye, alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 wilayani Geumsan, katika nyumba ya wakulima wa jinseng, mmea ambao mizizi yake huliwa na kunywewa kuongeza nguvu. Vita vilimkatiza masomo akiwa darasa la tatu. Kusoma Biblia alijifunzia kanisani.

Mwaka 1962 alifunga ndoa na baba yetu, Seol Jun-tae, wakajaliwa watoto watatu. Baba alipofariki mwaka 1988, ndugu walimshauri auze shamba. Yeye akapanda upya.

Jinseng hukomaa kwa miaka sita, na ardhi iliyoizaa huchoka, hupumzishwa zaidi ya miaka kumi. Ndiyo maana wengi huchimba mwaka wa nne. Mama hakuwahi. Mizizi yake ilipikwa ndani ya kuku na mchele kwa waliochoka na jua, ikachemshwa na kunazi na asali kwa wazee waliotoka kuugua. Mnunuzi mmoja alipotaka kuitangaza kuwa inaponya kila ugonjwa, mama alimfungulia mlango atoke: "Anayeponya kila ugonjwa ni Yesu, na Yeye hauzwi kwa kilo. Haya, kwaheri!"

Mwaka jana alipatikana na saratani ya ini. Shamba lake la mwisho lilikuwa halijatimiza miaka sita. Msimu huu wa mavuno, baba mdogo Jun-ho alikuja na uma wa kuchimbia.

"Shemeji, tuing'oe sasa, unywe upate nguvu."

"Weka uma chini."

"Utakufa hujaivuna!"

"Nife mimi, jinseng ina kosa gani? Ikipungua mwaka si yangu. Kaa ule, umekonda kuliko mgonjwa."

Wanunuzi wameanza kutupigia simu. Tunawajibu hapa, mbele za Mungu: haitachimbwa hadi mwakani.

Ameacha watoto, mimi Mi-rye, Gyeong-su na Ok-hui, wajukuu watano, na shemeji yake Jun-ho.

Jana mchana tulimvika nguo za maziko za katani. Kila mmoja alimgusa shavu, tukaomba, tukaimba. Kisha kifuniko cha jeneza kikafungwa. Bwana ampe pumziko lake.